Ndoo ya lita tano na kifungu cha saba

*Wanaotaka kujifunza kutengeneza bia nyumbani katika miji ya Thika na Ruiru hawakosi vifaa wala kimea. Wanachokosa ni sheria inayotofautisha jiko lao na pango la chang'aa.*

NA MWANDISHI WETU

Asubuhi moja ya Jumamosi inatosha kuzunguka mjini Thika na kukusanya karibu kila kitu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza iko kwa wauza vyombo. Sufuria ya lita kumi, mwiko mrefu, kitambaa cheupe cha kuchujia na mpira mwembamba wa kuhamishia maji havihitaji kutafutwa mbali. Wauza nafaka wana wimbi lililooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, nacho hupimwa kwa gorogoro kama mahindi na maharagwe. Hamira haikosi hata kwenye kibanda cha mtaani.

Muuzaji hana haja ya kuuliza kimea ni cha nini. Yuko anayekitia kwenye uji wa mtoto, yuko anayekitia kwenye busaa, na siku hizi yuko kijana aliyekesha akitazama video kwenye simu, anayetaka kujaribu bia ya mkono wake mwenyewe. Lita tano tu, za kunywa na marafiki mwisho wa mwezi.

Kijana huyo akirudi kwake Kihunguro au Kimbo, kule Ruiru, akachemsha kimea, akakipoza, akatia hamira na kufunika, kesho yake povu litapanda. Kufikia hapo amekwisha kuvunja sheria. Hajauza hata kikombe, wala hajaonja.

Tone la kwanza

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 bado inaitwa na Wakenya wengi Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Kifungu chake cha 7 kinasema hakuna ruhusa ya kutengeneza, kuuza, kuingiza nchini wala kupeleka nje kileo chochote bila leseni. Kutengeneza ndiko kunakotajwa kwanza. Kifungu hakisubiri lita mia wala elfu; kinaanzia tone la kwanza.

Sheria hiyo hiyo ilifanya jambo la ujasiri. Ilifuta ile ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikasema mwenye kutaka kuitengeneza na aitengeneze, mradi awe na leseni na afuate viwango. Nia ilikuwa kuitoa gizani ili ipimwe na kutozwa ushuru.

Lakini leseni, alama ya ubora ya Shirika la Viwango (KEBS) na stempu za ushuru za Mamlaka ya Mapato (KRA) ni masharti yaliyokatwa kwa kipimo cha kiwanda. Mama mpika busaa hakuyaweza. Kijana wa ndoo moja hata hakufikiriwa.

Juu ya hayo, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Thika na Ruiru zote ziko Kiambu, kaunti ambayo pombe ni jeraha lake la siku nyingi. Afisa wa Kiambu anayesikia maneno "pombe ya nyumbani" hafikirii kijana mwenye kipimajoto. Anafikiria vijana waliolala mtaroni saa nne asubuhi, na hana kosa kufikiri hivyo.

> Kifungu cha 7 hakisubiri lita mia wala elfu. Kinaanzia tone la kwanza.

Ilipotoka

Ukishika Thika Road kutoka Ruiru kwenda Nairobi unapita Ruaraka, kwenye kiwanda cha Kenya Breweries. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, ni miongoni mwa walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1922. Bia ya kwanza ilitoka Desemba mwaka huo, ikapelekwa hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na kumbukumbu yake ndiyo iliyozaa jina la Tusker na picha ya tembo iliyo kwenye chupa hadi leo.

Kisa hicho husimuliwa kana kwamba bia ilizaliwa Kenya siku hiyo. Lakini bonde la Chania na la Ndarugu lilikuwa na pombe yake kabla ya chupa ya kwanza. Wazungu waliofika walikuta muratina, pombe ya asali au maji ya miwa, ikiivia kwenye kibuyu karibu na meko. Jomo Kenyatta, mwana wa Kiambu, alieleza katika *Facing Mount Kenya* mwaka 1938 jinsi pombe ilivyofungamana na hatua za ndoa. Ilikuwa na wenyewe, yaani wazee, na ilikuwa na siku zake. Kijana hakuigusa.

Tunda la mwegea, ambalo Wakikuyu huliita mũratina, halikutiwa humo kwa ladha tu. Lilikatwa, likachemshwa, likaanikwa, na baada ya kutumika likaanikwa tena kwa matumizi ya mara nyingine. Nyuzi zake ndizo nyumba ya hamira. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga hamira safi ya bia, na dunia ikampigia makofi. Wazee wa hapa walikuwa wakihifadhi hamira yao darini, kwenye tunda kavu, bila hadubini.

Kilichofuata ni serikali kuondoa chungu jikoni. Katika miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya kuwauzia Waafrika pombe, ikafungua ukumbi wa pombe Pumwani na kukamata kina mama waliopika majumbani. Bia ya chupa nayo Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Asinunue ya Mzungu, asipike ya kwake, anywe ya manispaa. Ukumbi ulikuwa chanzo cha mapato, na jiko la mama lilikuwa mshindani.

Uhuru haukubadilisha mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Moi ilifunga vilabu vya busaa, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kuharamisha chang'aa. Ujuzi ukahamia vichakani na kwenye kingo za mito. Huko, busaa iliyojaa pipa zima ni vigumu kuificha. Chang'aa ya nguvu ileile huingia kwenye mtungi mmoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, marufuku haikuwaondolea watu pombe. Iliwaondolea pombe hafifu na kuwaachia kali.

Kinachoua

Novemba 2000, kitongoji cha Mukuru, Nairobi: zaidi ya watu 130 walikufa. Mwaka 2005, Machakos: karibu 50. Mei 2014, Embu, Kiambu, Makueni, Kitui na Murang'a: zaidi ya 80. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga: maziko tena. Wengine walibaki hai, lakini vipofu.

Kila baada ya msiba kama huo, maafisa hutangaza vita dhidi ya "pombe haramu", na chini ya jina hilo hutiwa kila kitu kisicho na stempu: muratina ya ruracio (mahari), busaa, chang'aa na sumu ya dukani. Mwezi Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru msako eneo la Kati, makundi ya watu wakiongozwa na wabunge walivunja na kumwaga kila walichokuta. Baada ya Kangai, mwezi Machi 2024, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki alitangaza orodha ndefu ya hatua na kusimamisha leseni za watengenezaji wa vileo vya bei ya chini.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Kilichokosekana katika matangazo yote hayo ni somo fupi la kemia ambalo lingeokoa maisha.

Hamira ikila sukari ya nafaka hutoa ethanoli, alkoholi tunayoijua, na hewa ya kaboni dioksidi. Methanoli, alkoholi ya viwandani inayotumika kwenye rangi na viyeyusho, hutoka kidogo mno katika bia ya nafaka, kiasi kisichodhuru. Wanaokufa kwa wingi hawauawi na ndoo iliyochacha. Wanauawa na mtu aliyechukua methanoli ya viwandani, akaichanganya na maji na rangi, akaiuza kwa bei ya chini. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huanza na mshipa wa jicho. Ndiyo maana walionusurika hupapasa ukuta.

Tofauti hii ndiyo roho ya makala haya. Kuchachusha ni jambo moja. Kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ni jambo la pili, lenye hatari ya moto na la kuachiwa wenye leseni. Kuchanganya kemikali ni mauaji. Sheria inayoyaweka matatu haya kapu moja haimlindi mnywaji, kwa sababu haimfundishi cha kuogopa.

> Kuchachusha, kukusanya mvuke na kuchanganya kemikali ni mambo matatu tofauti. Sheria imeyaweka kapu moja.

Lita tano zenyewe

Ili msomaji ajue tunabishania nini, na aliye na leseni au anayeitafuta ajue pa kuanzia, kazi yenyewe ni hii.

Bia inataka vitu vinne: maji, kimea, hopsi na hamira. Shayiri hulimwa hapa nchini, Narok, Mau na Timau, na sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vikubwa vya kimea. Hopsi, maua machungu ya mmea unaotambaa, huagizwa kutoka nchi za baridi. Kwa lita tano, kilo moja na robo ya kimea cha shayiri kilichopasuliwa, gramu kumi hadi kumi na tano za hopsi na gramu tatu au nne za hamira kavu ya bia zinatosha. Hamira ya mkate ni jamii ileile, nayo hufanya kazi, ila ladha yake ni ya mkate na haitulii vizuri chini ya chupa.

Pasha lita nne za maji hadi nyuzi 72, mimina kimea, koroga. Joto litashuka hadi 66 hivi. Funika sufuria kwa blanketi, uiache saa nzima. Humo ndani vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari. Joto likishuka sana kazi inazorota. Likipita 75 vimeng'enya vinakufa. Anayeanza asipokuwa na kitu kingine chochote, awe na kipimajoto.

Chuja, suuza machicha kwa maji ya moto upate kama lita sita na nusu, kisha chemsha saa nzima. Sehemu kubwa ya hopsi huingia mwanzoni kwa ajili ya uchungu, iliyobaki dakika kumi za mwisho kwa ajili ya harufu. Hapa mwenyeji wa Thika ana jambo la kujua ambalo video za ng'ambo hazitamwambia. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi. Aongeze dakika kumi na tano, au hopsi kidogo.

Maji ya mfereji nayo yana klorini, ambayo ikikutana na kimea huipa bia ladha ya dawa ya hospitali. Yachemshe mapema au yaache wazi usiku kucha.

Baada ya kuchemsha, poza haraka kwa kutumbukiza sufuria kwenye karai la maji baridi hadi ifike nyuzi 20. Kuanzia hapa usafi ndio kila kitu. Ndoo, mpira, kijiko, mikono, vyote vioshwe na kuuliwa vijidudu, kisha visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Sehemu kubwa ya bia za mwanzo zinazoharibika, huharibikia hapa, kwa mtu aliyeosha sufuria lakini hakuosha mfuniko.

Hali ya hewa ni baraka. Hamira ya eli, aina anayopaswa kuanza nayo kila mgeni wa kazi hii, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Nyumba ya mawe ya Ruiru, kwenye kona isiyopigwa na jua, hukaa humo sehemu kubwa ya mwaka bila mtambo wa kupoza. Mwenzake wa Mombasa angelazimika kununua friji.

Wiki mbili baadaye, povu likiwa limetulia, bia hupimwa kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika. Ikiwa ilianza kwenye 1.046 na imeshuka hadi 1.010, alkoholi yake ni asilimia 4.7 hivi, juu kidogo ya Tusker yenye 4.2. Kisha hutiwa gramu sita za sukari kwa kila lita, hujazwa kwenye chupa za rangi ya kahawia, hufungwa, na husubiriwa wiki mbili nyingine ili gesi ijijenge. Ole wake anayefanya haraka. Bia iliyofungwa kabla hamira haijamaliza sukari hupasua chupa, na vigae vyake havichagui uso wa mtu mzima na wa mtoto.

Machicha yasitupwe. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Kiambu huyanunua kutoka viwandani. Ng'ombe wa jirani atayapokea kwa furaha.

Akili ya busaa

Anayetegemea shayiri na hopsi za kuagizwa atatumia fedha nyingi kuiga bia ya wengine. Wapo walimu karibu naye. Viwanda vya Thika vimevuta wafanyakazi kutoka Magharibi ya Kenya tangu zamani, na pamoja nao ukaja ujuzi wa busaa.

Tatizo la nafaka zetu ni hili: wanga wa mahindi, mtama na wimbi unataka joto kubwa zaidi kuliko wa shayiri ndipo ulainike, na joto hilo huua vimeng'enya vinavyotakiwa kuukata. Ukipika sana, umepoteza vimeng'enya. Ukipika kidogo, wanga unabaki mgumu. Wanasayansi wa bia za nafaka zisizo shayiri wameandika mengi kuhusu fundo hilo.

Kina mama wa busaa walilifungua. Unga wa mahindi hulowekwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa kwenye bati juu ya moto hadi uwe chengachenga za kahawia. Hapo wanga umeiva. Ndipo huchanganywa na maji na kimea kibichi cha wimbi, ambacho hakikupita motoni na vimeng'enya vyake viko hai. Kazi mbili zinazogombana zimetenganishwa, kila moja kwa wakati wake. Uchachu wa siku za kwanza huzuia vijidudu vibaya, na bati huipa pombe ladha ya kuokwa ambayo viwanda vya Ulaya huipata kwa kuchoma kimea kwenye tanuri. Busaa huwa tayari kwa siku chache, na kwa kawaida nguvu yake haizidi ya bia.

Hata uchungu una mbadala. Waethiopia hawatumii hopsi kwenye tella, bia yao ya kienyeji. Hutumia majani ya gesho, na kichaka hicho huota pia nyanda za juu za Kenya.

Inasikitisha kwamba ujuzi wa namna hii, unaostahili kufundishwa darasani, mwenye nao hana pa kuueleza bila kuhofia kuitiwa chifu. Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna Chuo Kikuu cha JKUAT chenye idara ya sayansi ya chakula. Umbali kati ya maabara yake na mama anayekaanga unga ni wa kupanda matatu moja. Sheria ndiyo imeurefusha.

> Walitenganisha kazi mbili zinazogombana: kuivisha wanga motoni, na kuukata kwa kimea ambacho hakikupita motoni.

Wanaosema hapana

Upande wa pili haufai kupuuzwa, na mpenda bia anayeupuuza hajaishi Kiambu.

Kina mama wa eneo la Kati wameandamana mara nyingi wakilalamika kwamba waume na wana wao wamemalizwa na pombe. Makanisa yanazika vijana. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya gavana wa wakati huo Ferdinand Waititu, ilianzisha mpango wa Kaa Sober, ambapo waliokuwa wakijaribu kuacha pombe walilipwa Sh400 kwa siku kwa kazi za usafi na nyinginezo. Kaunti haifiki hapo kwa mzaha. Rigathi Gachagua, alipokuwa naibu wa rais, aligeuza vita dhidi ya pombe kuwa wito wake mkuu katika eneo hilo, na alisikilizwa kwa sababu kila boma lilikuwa na mfano wake.

Hoja zao zina uzito. Pombe ikitengenezwa jikoni, mtoto ataizoea kabla hajafika miaka 18. Anayetengeneza lita tano kwa starehe leo atajaribiwa kuuza lita hamsini kesho, hasa kodi ya nyumba ikichelewa. Chifu hawezi kuingia kila nyumba kupima. Na mtu aliyekwisha kutekwa na pombe hahitaji njia mpya ya kuipata kwa bei nafuu.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na sina jibu jepesi kwayo. Mtu wa namna hiyo asianze kazi hii kabisa, wala asiishi na aliyeianza. Lakini tukubaliane pia kwamba haikuwa ndoo ya wiki nne iliyomwangusha. Bia ya nyumbani ni ya polepole, ina kazi nyingi, na mtu mwenye kiu ya leo haisubiri. Anakwenda kwenye chupa ndogo ya bei ndogo, inayopatikana saa zote.

Serikali yenyewe iliwahi kukubali kwamba pombe hafifu na safi inaweza kumtoa mtu kwenye kali na chafu. Senator Keg, bia iliyoletwa sokoni mwaka 2004, ilipunguziwa ushuru kwa hoja hiyo hasa. Kama hoja ilimfaa mwenye kiwanda, kwa nini imshinde mwenye ndoo?

Wengine walivyofanya

Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963. Marekani ilichelewa: Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978, na kuanzia Februari 1979 mtu mzima akaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 378 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kuuza kulibaki marufuku. Kuchemsha pombe kali nyumbani pia.

Matokeo yalizidi matarajio. Ken Grossman, aliyejifunzia jikoni, alianzisha Sierra Nevada huko Chico, California, mwaka 1980, na viwanda vidogo vingi vilifuata nyayo hizo. Jiko lilikuwa shule ya ufundi.

Kenya imeanza kukubali nusu ya wazo. Nairobi ina viwanda vidogo vya bia vyenye leseni, na marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yaliwapa watengenezaji wadogo wanaojitegemea kiwango cha chini cha ushuru. Lakini kiwanda kidogo bado ni kiwanda. Hakuna ngazi kati ya kutojua chochote na kuwa na mitambo ya mamilioni, na asiye na fedha za kuruka hapo katikati atabaki mteja, au atabaki mhalifu.

Ngazi hiyo haihitaji maneno mengi. Mtu mzima aruhusiwe kuchachusha kiasi kidogo kinachotajwa kwa lita, kwa matumizi ya nyumbani mwake. Asiuze. Asiguse mtambo wa mvuke. Ajiandikishe kwa kaunti kwa ada ndogo, na anayekiuka aadhibiwe. Afisa angejua nani anafanya nini, jambo ambalo leo halijui. Mzee mwenye muratina ya ruracio, ambaye kwa sasa anategemea huruma ya chifu wake, angesimama juu ya sheria. Na polisi wangebaki na muda wa kumtafuta mwenye madumu ya methanoli, ambaye ndiye anayejaza makaburi.

Bunge ndilo lenye kubadilisha kifungu cha 7. Bunge la Kaunti ya Kiambu lina uwezo juu ya leseni zake, na kila mswada hupitia maoni ya umma. Wapinzani wa pombe hufika kwenye vikao hivyo. Wapenzi wa bia ya nyumbani hukaa kimya, kwa hofu inayoeleweka.

Kazi isiyohitaji leseni

Anayetaka kuanza wiki hii, bila kuvunja sheria, anaweza kujifunza nusu ya kazi na kuishia kabla ya hamira.

Loweka wimbi usiku mmoja, mwaga maji, litandaze juu ya gunia lenye unyevu na ulifunike. Lirushie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vitatokeza. Lianike juani likauke kabisa, sugua mizizi itoke, saga. Wimbi ni salama kuliko mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama huwa na sumu ya sianidi na yanataka uangalifu wa ziada.

Pika uji mzito wa mahindi, uepue, upoe hadi nyuzi 65. Tia kiganja cha kimea, koroga, funika kwa blanketi nusu saa. Uji uliosimamisha mwiko utakuwa maji, na utakuwa mtamu bila sukari. Ni kimea kilekile na joto lilelile atakalolihitaji siku akipata ruhusa, na watoto wanaweza kuunywa.

Kujua kama kazi imekamilika, nunua chupa ndogo ya ayodini kwenye duka la dawa. Weka kijiko cha uji huo kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone moja, kisha ukitupe kijiko hicho cha uji, usikirudishe sufuriani. Rangi ya ayodini ikibaki ya kahawia, wanga umekwisha. Ikigeuka bluu nyeusi, funika tena, ngoja robo saa na upime upya.